Mkono wa Tatu

Mkufunzi alipofika kwenye picha ya bata, ukumbi ulikuwa umeshaanza kusinzia. Saa nane mchana, watu wametoka kula, na sijui nani aliyezoesha semina za biashara kuweka mada nzito saa hiyo.

Bata mwenyewe ni wa mbao. Ana magurudumu na kamba ya kumvutia. Ukimkokota, mdomo unafumbuka na kufumba kama anayelalamika. Mkufunzi akasimulia. Denmark, miaka ya 1930, mji mdogo uitwao Billund. Seremala mmoja, Ole Kirk Kristiansen, anatengeneza vichezeo. Siku moja mwanawe Godtfred, kijana ambaye hajafika miaka ishirini, anarudi kutoka stesheni ya treni uso umechanua: Baba, leo tumeokoa hela. Kivipi? Amepeleka maboksi mawili ya bata, mzigo wa ushirika. Kwa kawaida kila bata hupigwa vanishi mikono mitatu. Hawa, kwa kuwa ni wa ushirika, amewapiga miwili tu.

Mzee akamwambia arudi stesheni, achukue maboksi yake, afungue, awapige bata wote mkono wa tatu, na asiende kulala mpaka amalize. Peke yake.

Ukumbi ukaamka, ukapiga makofi. "Ubora!" akasema mkufunzi. Kalamu zikainama zote, kila mtu anaandika ubora.

Mimi sikuandika kitu.

Kabati lililobaki nyumbani

Baba yangu ni seremala. Nasema "ni" kwa heshima. Karakana yake ilifungwa mwaka wa tisa sasa.

Naye alikuwa mtu wa mkono wa tatu. Alipiga msasa hata mgongo wa droo, mahali ambapo jicho la mteja halitafika mpaka kiama. Nakumbuka kabati moja la nguo. Lilikuwa limekwisha, mteja amefika na mkokoteni, mtu wa mkokoteni ameshavua shati tayari kwa kubeba. Baba akapitisha kiganja upande wa ndani wa mlango, taratibu, kama mtu anayempapasa mtoto mwenye homa. Akasimama. Akarudisha kiganja pale pale. Kisha akamwambia mteja, "Samahani ndugu yangu, njoo Ijumaa."

Mteja hakuja Ijumaa. Hakuja tena kabisa.

Kabati lile liko nyumbani hadi leo, Mama anawekea mashuka. Alikuwa na usemi wake, kwamba nyumba yetu imejaa vitu vizuri vilivyokosa mnunuzi. Wageni walicheka. Mimi nilikuwa sicheki sana, maana hela ya lile kabati ndiyo iliyokuwa ada yangu, na nilikaa nyumbani wiki mbili nikilitazama.

Kwa hiyo pale ukumbini, makofi yakilia, nilichokuwa najiuliza ni kitu kimoja tu. Mkono wa tatu ni ule ule. Kiganja ni kile kile. Kwa nini yule wa Billund anaonyeshwa kwenye semina, na wangu anasikiliza redio barazani?

Swali lilinikaa wiki kadhaa. Nikaanza kusoma.

Kabla hajawa picha ya semina

Ole Kirk alizaliwa mwaka 1891, kijijini, kwenye nyanda za Jutland. Ufundi alijifunza kwa kaka yake, akaenda kufanya kazi Ujerumani na Norway, na huko Norway ndiko alikompata mkewe, Kristine. Mwaka 1916 akanunua karakana ya useremala Billund. Alijenga nyumba, akatengeneza milango, madirisha, samani. Seremala wa mji mdogo, ndio hivyo: leo dirisha, kesho jeneza.

Halafu ukaja mdororo wa uchumi. Wakulima, ambao ndio waliokuwa wateja wake, hawakuwa na hela ya kujenga. Akawapunguza mafundi. Akahamia kwenye vitu vidogo vidogo: ngazi, meza za kupigia pasi, stuli, na vichezeo. Kulikuwa na waliomwona anajishusha; fundi mzima, nyundo mkononi, anachonga magari ya watoto.

Mwaka 1932 Kristine akafariki, akamwachia watoto wanne wa kiume.

Mkufunzi hakulitaja hilo. Simlaumu, slaidi ina nafasi yake. Lakini ukilijua, bata anabadilika. Yule anayemwambia kijana arudi stesheni si meneja anayelinda jina la kampuni. Ni mjane mwenye madeni, aliyewaendea ndugu zake kutafuta msaada wa mkopo, mlokole wa kweli kweli, ambaye kwake kazi mbovu nusura iwe dhambi. Alikuwa na kila sababu ya kusema: mwanangu, safari hii basi.

Na haikuwa kwamba mambo yalikuwa yanamwendea vizuri. Mfanyabiashara mmoja aliagiza shehena ya vichezeo kwa ajili ya Krismasi, akafilisika kabla ya kuichukua. Ikabidi mzee azunguke mwenyewe kuviuza. Kisha ikaja homa ya yoyo. Kila mtoto anataka yoyo, karakana inachonga yoyo usiku na mchana, na ghafla hakuna anayezitaka tena, zimejaa ghalani. Alichofanya ni kuzikata katikati. Kila nusu ikawa gurudumu la lori la kuchezea.

Hapo nilisimama kusoma nikacheka peke yangu. Baba asingekata yoyo. Angeziweka kabatini.

Jina na kibao

Katikati ya miaka ya 1930 alitaka jina la vichezeo vyake, akawashindanisha wafanyakazi wake, zawadi ikiwa chupa moja ya mvinyo aliotengeneza mwenyewe. Mshindi alikuwa yeye. (Hakuna anayesimulia kama wafanyakazi waligoma.) Jina lilitokana na maneno mawili ya Kidenmaki, *leg godt*, yaani cheza vizuri. Mmeshalijua: LEGO.

Ukutani kulikuwa na kibao cha mbao, kilichochongwa na yule yule Godtfred: *Det bedste er ikke for godt*. Kwa kawaida hutafsiriwa kwamba kilicho bora tu ndicho kinachotosha. Nilikaa na maneno hayo siku mbili tatu, nikigundua kwamba Kidenmaki chenyewe kinasema jambo la upole zaidi: kilicho bora kabisa si kizuri mno. Tafsiri ya semina ni amri. Maneno ya kibao ni jibu. Ni kama kuna mtu mlangoni amesema, "Fundi, hii si umezidisha? Mbona ni za watoto tu?" na fundi, bila kuinua macho, akajibu: hapana, si nzuri mno.

Hiyo ndiyo sauti ninayoijua. Nimelelewa nayo.

Moto

Kama maisha ya mtu huyu yana mhusika wa pili, basi ni moto.

Wa kwanza ni wa 1924, na huu ndio ninaotaka muukumbuke, nitaurudia. Ilikuwa Jumapili. Watoto wake wawili, Karl Georg aliyekuwa mkubwa kidogo, na Godtfred ambaye hata miaka minne hakuwa ametimiza, waliingia karakanani wakajaribu kuwasha jiko dogo la kupashia gundi. Zamani gundi ya seremala ilipashwa moto, haikutoka kwenye chupa kama leo. Maranda yakashika. Ikaungua karakana, ikaungua na nyumba.

Alijenga upya, jengo kubwa kuliko mfuko wake, ikabidi familia yake ijibane sehemu ndogo na kwingine wapangishe.

Wa pili ni Machi 1942. Nchi iko chini ya Wajerumani, na kiwanda kinateketea na kila kitu: mali, michoro, mifano ya vichezeo vyote. Mtu ana miaka hamsini. Inasemekana alitaka kuacha kabisa, kilichomrudisha ni wafanyakazi. Naliamini hilo bila shida. Katika mji mdogo, wafanyakazi wako ndio watu unaokutana nao kanisani. Huwezi kuwafukuza kwa barua.

Wa tatu hakuuona. Nakuja huko.

Mahali nilipokwama

Nilikuwa natafuta sababu ya mmoja kufika na mwingine kutofika, na nilidhani nitaikuta kwenye ubora. Kadiri nilivyosoma ndivyo ubora ulivyozidi kuniponyoka.

Kwa sababu kilichowatajirisha si bata.

Baada ya vita, mwaka 1946, mzee akaagiza kutoka Uingereza mashine ya kuyeyusha plastiki na kuimimina kwenye umbo. Ilifika Desemba 1947. Fikirieni seremala, mtoto wa ufundi wa kaka yake, mtu wa randa na msasa, miaka hamsini na sita, ananunua mashine ghali ya kitu kisichokuwa na nyuzi, kisichonukia, kisichopokea vanishi hata mkono mmoja. Mwaka 1949 wakaanza kuuza matofali madogo ya plastiki. Na hata matofali hayo hayakuwa wazo lao. Yalifuata yale ya Kiddicraft, ya Mwingereza Hilary Fisher Page. Hilo nalo halikuwa kwenye slaidi. Kwa miaka kadhaa hayakuuzika sana, wala hayakushikana vizuri, kwa kuwa ndani yalikuwa matupu.

Aliyeyapa utumbo ni Godtfred: vile vijibomba vilivyo chini ya kila tofali, ambavyo hulifanya libane bila kunata na liachie bila kuvunjika. Ombi la hataza, yaani haki ya kulinda uvumbuzi, lilipelekwa tarehe 28 Januari 1958, saa saba na dakika hamsini na nane mchana. Mzee alifariki tarehe 11 Machi mwaka huo. Wiki sita.

Halafu Februari 1960, moto wa tatu. Safari hii liliungua ghala la vichezeo vya mbao. Godtfred, ambaye sasa ndiye bosi, akaamua: mbao basi. Kuanzia hapo plastiki tupu.

Miaka miwili tu baada ya kumzika seremala, mwanawe akaufuta useremala. Ndugu zake wawili, Karl Georg na Gerhardt, hawakukubaliana na mkondo huo, na mwaka 1961 wakaondoka kwenye kampuni.

Nilipofika hapo nilifunga kompyuta nikatoka nje kutembea.

Nilikuwa nimeshajitengenezea hitimisho, na lilikuwa linaniuma kwa namna ya kupendeza. Kwamba ubora ni hadithi ambayo waliofanikiwa hujisimulia baadaye. Kwamba mkono wa tatu wapo maelfu walioupiga wakafilisika, ila hakuna anayewaandalia slaidi. Kwamba kilichotakiwa ni mtu wa kukata yoyo, mtu wa kununua mashine, mtu wa kufuta mbao bila kulia. Baba hakuwa huyo. Fanicha za mbao za kusaga zilipoanza kuja zimefungwa kwenye maboksi, mteja anaunganisha mwenyewe kwa funguo ndogo, Baba alizipigapiga kwa kidole akasema zitavimba. Na zilivimba kweli. Watu wakanunua nyingine.

Na mimi, mwanawe, sikumnunulia mashine. Nilikwenda kusomea kitu kingine, kwa ada iliyopatikana kwa taabu ile mnayoijua.

Bado kuna kitu kilikuwa hakikai sawa. Bata anatujia kwa kinywa cha nani? Mzee hakuacha hotuba juu yake. Aliyeisimulia ni Godtfred. Yule aliyeaibishwa, aliyekosa usingizi, ambaye baadaye aliifuta kazi ya baba yake kwa uamuzi mmoja, ndiye aliyeuchukua usiku ule akaubeba maisha yake yote. Aliacha mbao. Vanishi hakuiacha.

Mtu anayetaka kukana urithi angeanza kwa kusahau usiku kama ule.

Nikampigia

"Shikamoo Baba."

"Marahaba mwanangu. Mbona usiku?"

Nikamwambia nina hadithi ya seremala. Akapunguza redio. Nikamsimulia yote, bata, stesheni, mikono miwili, mkono wa tatu. Nilitegemea aseme safi sana. Au, nakiri, nilitegemea akae kimya kidogo, ili nami nipate nafasi ya kuuliza lile la kabati.

"Vanishi ya miaka hiyo," akasema, "inakauka kwa muda gani?"

Nikasema sijui.

"Na huko si baridi?"

"Baridi sana Baba."

"Basi usiku mmoja hautoshi bila moto. Lazima uwashe jiko karakanani, bata wapate joto. Kijana ana umri gani?"

Nikamweleza. Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimesoma, nikamtajia na ule moto wa 1924, gundi, maranda, watoto wawili.

"Ndiye huyu huyu wa bata?"

"Ndiye huyu huyu."

Akacheka kile kicheko chake kifupi cha puani, ambacho nilikuwa sijakisikia siku nyingi.

"Sasa nani amekudanganya kwamba alimwacha peke yake? Mtoto aliyekuchomea karakana na nyumba, umwachie jiko, na vanishi, na maranda, usiku kucha, halafu wewe ulale? Kumwambia utafanya peke yako, hilo atasema. Lakini hakulala yule mzee. Alikuwa mahali fulani anamsikiliza."

Sikuwa na la kujibu. Hakuna kitabu kinachosema hivyo, na sitadai kwamba ndivyo ilivyokuwa.

Tukanyamaza wote wawili. Kwenye simu nilisikia mlango ukifunguliwa, kisha Mama akiuliza ni nani. Nikauliza, kwa sauti ambayo nilitaka iwe ya kawaida, lile kabati la mashuka lilikuwa na nini siku ile.

"Lipi?"

"La Ijumaa."

"Aa." Akafikiri. "Kulikuwa na kibanzi. Kwa ndani, chini ya komeo. Yule bwana alikuwa na watoto wadogo, alikuja nao siku ya kuagiza. Wawili, wanashika kila kitu." Akakohoa. "Wewe siku hizo ulikuwa umekasirika sana."

"Ulijua?"

"Nilikuwa nakusikia usiku, unageuka geuka."